Umetoa antivairasi iliyokuja na laptopu na sasa mashine imegoma? Pitia hapa kabla hujafomati

Assalam aleikum jamaa. Nafanya kazi ya kompyuta hapa Langoni, Lamu, na swali hili naulizwa hata nikiwa barazani nanywa kahawa. Mtu amenunua laptopu Mombasa, imekuja na McAfee au Norton ya majaribio, siku zikaisha ikaanza kumpigia kelele kila akiwasha alipe, akachoka akaitoa. Hapo tu. Kesho yake yuaniambia fundi, waifai imeshika na imejaa lakini hakuna kinachofunguka. Mwengine mashine yake imekuwa nzito kama jahazi lililopakia mawe. Mwengine amewekewa alama nyekundu pembeni na hajui yasema nini. Na wote wamesikia ushauri mmoja, fomati! Nawaomba msifomati. Kuna kijana wa Mkomani alifomatiwa laptopu na mtu kwa shida ya dakika ishirini, picha za arusi ya dada yake zikaenda zote na hakuwa na nakala kwengine. Iliniuma sana, manake shida yenyewe ilikuwa ya kuandika amri mbili tatu.

Kwa ufupi kinachotokea ni hivi. Antivairasi si kama programu ya kuandikia barua, yaingia ndani kabisa ya Windows na yajiweka kwenye njia ya intaneti ikague kila kinachopita. Ukiitoa vibaya ni kama bawabu ameondoka lakini komeo la mlango ameliacha limefungwa kwa ndani. Na pia Windows ina mlinzi wake yenyewe, aitwa Microsoft Defender, huyu hulala akiona kuna antivairasi nyengine, na mabaki ya ile ya zamani yakimdanganya kuwa mwenzake bado yuko, haamki. Basi unabaki huna intaneti na huna ulinzi. Karibu kila shida ninayoletewa yatoka kwa moja ya hayo mawili.

Uwe na hivi kabla ya kuanza

- Chaji, na betri iwe imejaa angalau nusu. Stima hapa twaijua, usiwe katikati ya kazi ikapotea.
- Pasiwedi ya akaunti ya msimamizi wa mashine. Ukiingia na akaunti ya mtoto au ya mgeni hatua nyingi zitakataa.
- Flashi, na kompyuta nyengine au simu ya kushushia vitu endapo yako haina intaneti. Usisahau waya wa simu wa data, utaona kwa nini.
- Nakala ya vitu vyako muhimu kwenye flashi au disiki ya nje. Usiruke hapa.
- Ufunguo wa BitLocker. Nauelezea chini manake ndio uliowahi kunitia aibu mbele ya mteja.
- Saa mbili za utulivu. Usianze dakika kumi kabla ya boti ya Mokowe.

Huu ufunguo wa BitLocker, sikizeni vizuri. Laptopu nyingi za Windows 11 disiki yake imefungwa kwa siri bila mwenyewe kujua, na ukiiwasha kwa njia isiyo ya kawaida, kwa mfano hii ya Safe Mode (Windows ikiwaka na vitu vya lazima tu, tutaifikia hatua ya 3), yaweza kukuletea skrini ya buluu yataka namba yenye tarakimu 48. Nilimfanyia mama mmoja wa Shela kazi bila kumuuliza kwanza, skrini ikaja, namba hana, imeli iliyosajiliwa si yake, ni ya duka lililomuuzia. Tulikaa siku nne tukipiga simu mpaka duka likatupa namba. Kwa hivyo kabla hujagusa kitu fungua brauza kwenye simu, nenda aka.ms/myrecoverykey, ingia na akaunti ya Microsoft iliyo kwenye laptopu, uandike zile namba kwenye karatasi. Na kama akaunti si yako, maliza hilo kwanza.

Sasa tuanze.

1. Restati, usizime. Najua waona ni mzaha lakini watu wengi shida yao yaishia hapa. Antivairasi ikitolewa, faili nyengine zafutwa wakati mashine yawaka upya. Na Windows 10 na 11 ukibonyeza Shut down kwa kawaida haizimiki yote, yahifadhi sehemu ya ndani ili kesho iwake upesi, kwa hivyo mabaki yarudi vile vile. Ukibonyeza Restart ndio yaanza upya kikweli. Fanya mara mbili. Kufunga kifuniko si kurestati jamani.

2. Angalia ndugu zake waliobaki. Bonyeza kile kitufe cha Windows pamoja na R, andika appwiz.cpl, Enter. Itakuja orodha ya programu. Watu hutoa ile kubwa wakaacha wadogo zake. McAfee huja na WebAdvisor yake kando, Norton nayo huwa na vijiprogramu vyake, panga orodha kwa jina la kampuni utaziona zimekaa pamoja. Toa moja, restati, toa nyengine. Usitoe tatu kwa mpigo.

Wale wenye HP za kazini zilizotoka Uingereza, EliteBook na ProBook ambazo zimejaa huku, nyinyi mara nyingi yenu si McAfee, ni HP Wolf Security. Hiyo ina mpangilio wake. Anza na HP Wolf Security, kisha ile iliyoandikwa Console, na mwisho HP Security Update Service. Ukiipindua, moja yabaki na kuwarudisha wenzake.

Na usifute folda kwa mkono kule Program Files! Nawaona wengi wafanya hivi, wakiona folda imeandikwa McAfee wanabonyeza Delete. Ukifuta folda, draiva (vijiprogramu vya ndani vya kuendeshea vifaa) zabaki zikitafuta faili ambazo hazipo, na kile kitolea chake pia umekifuta, sasa huna hata njia ya kuitoa vizuri.

3. Tumia kifaa cha kusafishia cha kampuni yenyewe. Hii ndio hatua watu hawaijui kabisa na ndio iliyo muhimu kuliko zote. Kampuni zajua kwamba programu zao huacha mabaki, kwa hivyo kila moja imetoa kifaa chake cha bure. Cha McAfee chaitwa MCPR. Cha Norton ni Norton Remove and Reinstall, na humo uende Advanced Options uchague Remove Only, la sivyo itakuwekea Norton upya na utarudi pale pale. Cha Avast ni Avast Clear.

Kishushe kwenye tovuti ya kampuni yenyewe, si kwengine. Ukitafuta Google, vile vya juu kabisa vilivyoandikwa ni tangazo viruke, manake kuna watu wametega hapo wakijua unakuja ukiwa na shida. Na shusha kipya kila mara, usitumie kilichokaa kwenye flashi ya rafiki tangu mwaka juzi.

Kama laptopu haina intaneti shusha kwenye kompyuta nyengine, leta na flashi. Ukifika, bonyeza kile kifaa kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua Run as administrator, fuata. MCPR itakuonyesha herufi uziandike kama zilivyo, kubwa iwe kubwa na ndogo iwe ndogo, halafu uiache ifanye kazi, yaweza kuonekana imesimama na haijasimama. Mwisho itaomba restati, ikubalie.

Ikikataa kumaliza, ifanyie ndani ya Safe Mode. Shikilia Shift huku unabonyeza Restart, chagua Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, Restart, kisha bonyeza 4. Hapo ndipo ile karatasi ya namba 48 itakapokufaa.

4. Muamshe Defender. Andika Windows Security kwenye sehemu ya kutafuta, ifungue, ingia Virus & threat protection. Ukiona Real-time protection imewashwa, shukuru Mungu. Imezimwa, iwashe. Kama bado yakuonyesha jina la ile antivairasi ya zamani, basi mabaki bado yapo, rudi hatua ya 3.

Kama ukurasa ni mtupu au wakuambia mipangilio inasimamiwa na shirika lako na mashine ni yako ya nyumbani, bonyeza Windows na R, andika services.msc, tafuta Security Center uone kama yaandikwa Running. Mashine iliyotoka ofisi fulani yaweza kuwa bado ina masharti ya ofisi ile, na hiyo ni kesi ya kumpelekea fundi, usianze kuchokora rejista (daftari la ndani la mipangilio ya Windows) kwa kufuata video.

Ikishawaka, ingia Protection updates ubonyeze Check for updates, halafu Quick scan. Pitia pia Firewall & network protection, sehemu zote tatu ziwe zimewashwa. Ukiona mchanganyiko kule, kuna maandishi ya Restore firewalls to default, yabonyeze, yarudisha fayawoli (ule ukuta wa kulinda mtandao) ilivyokuja.

Na nijibu hapa hapa swali ambalo naliulizwa kila siku, je Defender yatosha? Kwa mtu wa kawaida anayefanya kazi za shule, iTax na kutazama mpira, mimi nasema yatosha, ni ya bure na haikupigii kelele za kulipa. Kitu kibaya ni kuweka mbili. Watu wakitoa McAfee waogopa, waenda kuweka Avast na AVG pamoja, mashine yazimia.

5. Rudisha njia ya intaneti. Hapa tukae kidogo, ndio penye kilio kikubwa. Usibahatishe, pima kwanza. Tafuta cmd (dirisha la kuandikia amri), bonyeza kulia, Run as administrator. Andika:

ping 8.8.8.8

kisha

ping google.com

Ya kwanza yauliza kama kuna njia ya kutoka nje. Ya pili yauliza pia kama kompyuta yajua kutafuta majina ya tovuti. Sasa soma majibu.

Zote mbili zajibu lakini brauza haifungui: shida ni proksi (kituo cha kati cha kupitishia intaneti) au brauza yenyewe. Nenda Settings, Network & internet, Proxy, na ile ya Use a proxy server iwe imezimwa. Kisha ingia kwenye brauza utoe viongezo vyote vya ile antivairasi.

Ya kwanza yajibu, ya pili haijibu: ni DNS, ile inayotafuta majina ya tovuti. Antivairasi zenye VPN hupenda kuacha DNS yao. Windows na R, ncpa.cpl, bonyeza kulia kwenye Wi-Fi, Properties, bonyeza mara mbili Internet Protocol Version 4, weka zote mbili ziwe automatically. Rudi kwenye cmd uandike ipconfig /flushdns.

Zote hazijibu na simu yako kwenye waifai hiyo hiyo yafanya kazi: lile komeo liko hapo. Katika dirisha hilo hilo la Properties ya Wi-Fi kuna orodha yenye vijisanduku. Soma taratibu. Ukiona mstari wenye jina la McAfee, Norton, Symantec, Avast au yoyote uliyoitoa, uchague, bonyeza Uninstall. Usiguse Client for Microsoft Networks wala zile Internet Protocol, hizo ni za Windows. Halafu cmd, moja moja:

netsh winsock reset

netsh int ip reset

Restati. Mara nyingi hapa mtu huniletea tabasamu.

Kama bado, jaribu simu kwa ule waya, washa USB tethering (simu igawie kompyuta intaneti). Kompyuta yaiona kama njia mpya kabisa na mara nyengine yapita hapo, basi angalau waweza kushusha unachotaka. Cha mwisho ni Network reset, ipo ndani ya Network & internet, Advanced network settings. Yafuta pasiwedi zote za waifai ulizohifadhi, kwa hivyo uwe wazikumbuka.

Ikiwa alama ya waifai imepotea yote, ingia Device Manager, Network adapters, bonyeza kulia ile ya Wi-Fi, Uninstall device, restati, Windows itairudisha. Lakini kuna kijisanduku kitakuuliza ufute na draiva pia, USIKITIE TIKI. Ukifuta draiva na intaneti huna utaitoa wapi?

6. Kagua faili za Windows. Hii ni kama mashine bado ina vituko. Cmd ya msimamizi tena:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth

Ikimaliza:

sfc /scannow

Ya kwanza yaweza kuhitaji kushusha faili kutoka Microsoft, usiifanye kwa bando la shilingi ishirini. Zote zaenda polepole na zaweza kusimama kwenye asilimia fulani kwa muda, usifunge dirisha. Kanywe chai.

Ukimaliza na bado kuna tatizo

*Mashine nzito, feni yalia.* Fungua Task Manager kwa Ctrl, Shift na Esc. Ukiona Antimalware Service Executable iko juu, huyo ni Defender, ndio kwanza ameamka na akagua nyumba nzima. Iache kwenye chaji usiku mmoja. Siku ya tatu ikiwa bado hivyo, angalia kama hukubakisha antivairasi mbili.

*Bado napata ujumbe McAfee yako imeisha, una vairasi 5.* Hii yawachanganya wengi sana, wadhani programu haikutoka. Si McAfee hiyo. Ni tovuti fulani uliyoitembelea ikakuuliza ruhusa ya kukutumia taarifa ukabonyeza Allow. Chrome: Settings, Privacy and security, Site settings, Notifications, toa kila tovuti usiyoijua. Na usibonyeze ujumbe wenyewe, wala usipige namba wanayokupa, hao ni wezi.

*Nimekatwa pesa na nilishaitoa.* Kutoa programu si kufuta malipo. Kama uliweka kadi, ingia kwenye akaunti yako kwenye tovuti yao uzime ile ya kujirudia yenyewe.

*Printa ya saiba haionekani tena.* Kama ulifanya ile Network reset, mtandao waweza kuwa umerudi kuwa wa Public. Nenda Settings, Network & internet, chagua waifai yako, iweke Private. Hii ni kwa duka lako au nyumbani tu, si waifai ya hoteli.

*Kila tovuti yasema si salama.* Kabla ya yote tazama saa na tarehe pale chini. Laptopu iliyokaa kabatini miezi yaweza kurudi miaka nyuma na tovuti zikaikataa. Saa ikiwa sawa na Firefox peke yake ndiyo yalalamika, huenda kuna mabaki ya ile antivairasi, rudia hatua ya 3.

*Haiwaki kabisa, yazunguka tu.* Izime kwa kushikilia kitufe cha kuwashia wakati yajaribu kuwaka, fanya hivyo mara mbili tatu, itaingia yenyewe kwenye skrini ya kurekebisha. Chagua Troubleshoot, Advanced options, System Restore, uchague tarehe ya kabla hujaitoa antivairasi. Faili zako za binafsi haziguswi. Ikikosa tarehe yoyote, jaribu Safe Mode na ile ya hatua ya 3.

*Nimefanya yote, haikukubali.* Hapo ndio tuzungumze Reset this PC (kuiweka Windows upya), na hata hapo chagua Keep my files. Programu zako zitatoka lakini nyaraka na picha zabaki, ingawa nakala ya flashi uwe nayo vile vile. Itakuuliza njia mbili, Cloud download yaweza kula zaidi ya GB 4 za bando, Local reinstall yatumia kilichomo ndani. Kabla ya kukubali ingia Change settings, na ukiona swali la Restore preinstalled apps, weka No. Ukiiacha Yes, McAfee ile ile yaweza kukurudia na shughuli yote uianze upya.